Siuzi

SEHEMU YA 1

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Leo nina hasira kidogo, mtanivumilia.

Jana asubuhi nimetoka zamu ya usiku, nimepanda daladala ya Mbagala Rangi Tatu, na kwa bahati nikapata siti ya dirishani. Nikatoa sindano zangu mbili na kofia ndogo ya mtoto iliyokuwa imebakiza mistari kumi tu. Dada aliyekaa pembeni yangu akaiangalia, akatabasamu, akauliza, "Sista, unauzaje?"

Nikamwambia siuzi.

"Jamani! Kipaji chote hicho? Fungua ukurasa, weka bei, utapiga hela."

Nikamwambia tena, dada'angu, siuzi. Nafuma tu. Akaniangalia kama vile nimemwambia nimeokota pochi yenye hela nikairudisha ilipokuwa. Mpaka tunafika Zakhem alikuwa ameshanipa jina la biashara, ameshaniajiria wasichana wawili wa kunisaidia, na ameshanishauri niunde kikundi tukaombe mkopo wa halmashauri.

Huyo dada sina ugomvi naye, alinitakia mema. Ugomvi wangu ni na hii imani iliyotuingia mjini hapa, kwamba mwanamke akishika kitu mkononi kisichoingiza hela basi anachezea muda. Unapika keki nzuri? Uza. Unasuka vizuri? Fungua saluni. Umepanda mchicha kwenye ndoo mbili nyuma ya nyumba? Mbona hupeleki sokoni Tandika? Hata mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita, mshono haujapona, anatumiwa video ya mtu aliyevaa suti anamuuliza "unafanya nini na hizo saa zako za kukaa bure?"

Saa za kukaa bure. Ana kichanga!

Nina mengi ya kusema, kwa hiyo nitayakata vipande. Nyonyesha kwanza, halafu urudi usome.

SEHEMU YA 2

Nianze kwa kukiri, ili msije mkasikia kwa wengine.

Nina shangazi kaja nne zimejaa uzi. Ya kwanza iko chini ya kitanda, hiyo ni ya uzi wa pamba peke yake: mweupe, krimu, bluu ya mbali. Ya pili iko juu ya kabati, ina ule uzi unaong'aa wa akriliki, yaani plastiki kwa jina la heshima, niliununua enzi sijajua vizuri. Ya tatu ni mabaki, vidonge vidogo vidogo ambavyo havitoshi hata soksi moja ila roho inakataa kuvitupa. Ya nne baba watoto anaamini ina nguo za mtoto zilizombana. Akisoma hapa, basi ndiyo hivyo, tuyamalize nyumbani.

Kila nikipata ofu nikapita Kariakoo kununua vitu vya maana, miguu inanipeleka yenyewe kwenye vile vichochoro karibu na Mtaa wa Congo. Nasema nanunua donge moja. Natoka na matano.

Na kazi ambazo sijazimaliza? Kuna blanketi la viraka vya mraba, nimefika kiraka cha 71, nataka 120. Kuna sweta la baba watoto lenye mkono mmoja tangu 2021, na mwenyewe ameshakubali yaishe. Kuna soksi ya kushoto isiyokuwa na mwenzake. Na kuna kitambaa cha kochi alichokianza mama yangu kule Makambako, nimekirithi kikiwa nusu, nacho sikigusi wala sikifumui.

Makambako ndiko nilikojifunzia. Kule baridi ya Juni ni baridi kweli, na sweta halikuwa pambo. Mama alifuma akiwa anaongea, akiwa anachemsha maharage, bila kuangalia mikono yake. Shuleni nako kipindi cha stadi za kazi tulifuma, mwalimu anapita na rula. Niliyoyashika ni ya mama.

Nilipokuja Dar nikaacha. Joto, chuo, halafu kazi. Nilirudia sindano nilipojifungua mtoto wangu wa pili. Mnajua likizo yetu ya uzazi ni siku 84, mapacha 100. Watu wanaona nyingi. Mimi kwenye wiki ya kwanza hapo nilikuwa nalia kila ikifika saa kumi jioni, bila sababu, mtoto mzima, mume yupo, chakula kipo. Mimi nesi, najua kabisa ni homoni na usingizi, nimeshawaeleza akina mama wangapi! Kulijua hakukunisaidia kuacha kulia.

Siku moja nikavuta mfuko, nikaanza vitanzi 40. Kwenda 40, kurudi 40. Huwezi kuhesabu vitanzi huku unawaza bili ya umeme, unakosea. Ukikosea unafumua, unaanza tena, hakuna anayekufa. Nyie hamjui raha ya kukosea kitu ambacho hakiui mtu, kwa mtu anayefanya kazi ninayoifanya mimi.

Nisieleweke vibaya. Sikupona kwa sababu ya uzi, na sitaki mtu aninukuu hivyo. Uchovu wa machozi wa siku za mwanzo huwa unapungua ndani ya wiki mbili hivi. Ukizidi hapo, ukawa humtaki mtoto, huli, hulali hata mtoto akilala, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru yeye, acha sindano, mwambie mtu wa karibu akupeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hiyo ni sonona, na ina matibabu.

Mwaka 2013 kuna watafiti Uingereza walichapisha majibu ya wafumaji zaidi ya 3,500 kutoka nchi mbalimbali. Wengi walisema wakifuma wanatulia na wanajisikia vizuri, na wale wanaofuma mara nyingi zaidi walisema hivyo zaidi. Sawa, waliulizwa watu ambao tayari wanapenda kufuma, ni kama kumuuliza Myanga kama timu yake ni nzuri. Lakini hakuna hata mmoja aliyelazimika kueleza ameuza ngapi.

SEHEMU YA 3

Sasa mtasema, wewe hujawahi kujaribu ndiyo maana unaongea.

Nimejaribu. Mwaka 2022. Wifi yangu alinitengenezea tangazo zuri lenye maua, akaweka namba yangu, na mwezi wa kwanza nikapata oda 11. Nilifurahi, sitadanganya. Niliona ada ya shule ile pale.

Hebu tupige hesabu, maana wanaosema "uza" hawapigi. Sweta la mtoto wa miezi 0 hadi 3, kwa mkono wangu, ni saa 14. Madonge mawili ya uzi niliyanunua kwa shilingi 7,000, vifungo 1,000. Mteja akaniambia, "Sista, Tandika mitumba napata kwa elfu tatu, nifanyie kumi." Nikamfanyia kumi. Faida elfu mbili, igawe kwa saa 14. Ni shilingi 140 na ushee kwa saa. Haifiki hata nauli ya daladala.

Nikipandisha bei wanasema nimeanza ubaya. Na mara nyingi ni wale wale walioniambia nina kipaji.

Lakini hela ndiyo shida ndogo kwenye haya niliyopitia. Nilikuwa natoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, badala ya kulala nafuma mikono ya sweta la mtu wa Tegeta anayepiga simu kila siku saa tano. Mwanangu mkubwa akija na daftari namwambia subiri. Jioni namwambia subiri. Siku moja akaniambia, "Mama, na mimi nikulipe?" Alikuwa anauliza kwa dhati kabisa, ana miaka saba.

Nikaanza kuzichukia zile sindano. Nikiziona kwenye meza tumbo linakaza. Kile kilichokuwa kinanishusha pumzi kikawa kinanipandisha.

Halafu kukaja suala la wateja wanataka nini. Wanataka seti kamili: sweta zito, suruali, kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni, soksi, na glovu. Akriliki, kwa sababu inang'aa na rangi haipauki. Namuuliza, mama, unajifungua lini? "Februari."

Februari! Dar es Salaam! Feni inapuliza hewa ya moto, sisi watu wazima tumelala na khanga moja, na wewe unataka kumvalisha kiumbe wa kilo tatu mavazi ya Makete!

Kama nesi najua la kumwambia. Kama muuzaji nilikaa kimya. Nikafuma. Nikamfungia kwenye mfuko wenye utepe.

SEHEMU YA 4

Hii sehemu naiandika polepole.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata, niko zamu, akaja mama mdogo na bibi yake na mtoto wa wiki tatu. Mtoto analia tangu usiku, hanyamazi. Bibi anasema ni chango. Wameshampa dawa ya chango ya dukani, wameshamkanda tumbo kwa maji ya moto. Mtoto amevaa kofia, sweta, suruali ya kufuma, soksi, glovu, na juu kafungwa shali mbili. Saa saba mchana.

Nikaanza kumvua. Nikavua glovu ya kulia, sawa. Ya kushoto ikagoma. Nikaigeuza taratibu. Ndani kulikuwa na uzi mmoja umelegea kutoka kwenye mshono, umejizungusha kwenye kidole cha pili, umekaza, umezama. Kidole kimevimba, kimekuwa rangi ya zabibu.

Daktari aliukata ule uzi kwa mkasi mdogo huku mimi nimeshika mkono. Kidole kilirudi rangi pole pole, na hatimaye kilipona. Wengine hawabahatiki. Nywele ya mama nayo inafanya hivyo hivyo, kwenye kidole cha mguu ndani ya soksi, au hata sehemu za siri za mtoto. Kwa hiyo mtoto akilia bila kunyamaza na ameshiba na ni mkavu, mvue zote, muangalie kidole kimoja kimoja. Wengi wenu hamkuambiwa hili, ndiyo maana naliandika kwa kirefu.

Ile glovu sikuifuma mimi. Nilishukuru Mungu kwa hilo, halafu nikaona aibu kwa kushukuru. Kwa sababu kwenye mkoba wangu, kwenye kabati la wauguzi, kulikuwa na pea sita za glovu za aina ile ile, za kupelekewa wateja jioni hiyo. Wameshalipa.

Nilirudisha hela zote. Glovu nilizifumua kwenye daladala nikirudi nyumbani, abiria wananiangalia. Wifi alinuna wiki mbili.

Sasa mnielewe hapa. Sisemi kila anayeuza sweta anaua watoto. Nasema mimi, mwenye stashahada ya uuguzi, ninayejua, niliuza nisichokiamini kwa sababu mteja alikitaka. Biashara ilinifanya nifume vibaya. Nilipokuwa nafuma bure sikuwahi kufuma glovu hata moja.

SEHEMU YA 5

Nilikaa miezi minne bila kugusa uzi. Kilichonirudisha ni wodi ya watoto njiti.

Wengine mnadhani mtoto wa Dar hapati baridi. Anapata, tena sana, akiwa mdogo. Joto la mwili wa kichanga linatakiwa liwe kati ya 36.5 na 37.5. Mtoto aliyezaliwa na kilo moja na nusu hana mafuta ya kumtunza, ngozi nyembamba, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo joto linatokea hapo. Anaweza kupoa kwenye chumba ambacho wewe unatoka jasho. Akipoa hanyonyi, asiponyonya anaishiwa sukari, na mengine yanafuata haraka.

Dawa yake kubwa ni kifua cha mama. Mtoto anawekwa ngozi kwa ngozi, wima, katikati ya matiti, amevaa nepi, soksi na kofia tu, halafu anafungwa kwa kitenge. Mnaiita kangaroo. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa hana mashine za kutosha za kuwatunzia njiti joto. Miaka ya karibuni Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu hii, kwa watoto wa kilo 1 hadi 1.8. Majibu yalitoka 2021. Walioanzishiwa kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza mtoto atulie, vifo vyao ndani ya siku 28 vilikuwa pungufu kwa robo ukilinganisha na waliosubirishwa. Kifua cha mama, kitenge, na kofia. Jamani.

Kofia ndiyo yangu. Nafuma kwa uzi wa pamba, laini, bila kamba, bila kifungo, bila ua la mapambo, ncha zote nimezificha na kuzikaza. Kichwa cha mtoto wa kilo 1.4 ni kama chungwa kubwa la Muheza, kwa hiyo kofia ni ndogo mpaka wanangu wanamvalisha mdoli. Namalizia moja kwa usiku mmoja na nusu. Nazifua, nazianika juani, napiga pasi, namkabidhi inchaji wa wodi. Na nyie mkitaka kupeleka popote, ongeeni kwanza na inchaji, msije na mfuko mkaanza kugawa, kuna utaratibu wa maambukizi.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kinondoni alitoka na mtoto wake wa kilo 2.1, amekaa nasi wiki tano. Akiwa mlangoni akaniuliza, "Sista, kofia naiacha?" Nikamwambia nenda nayo. Akauliza shilingi ngapi. Nikacheka, naye akacheka, halafu tukalia wote wawili kidogo pale mlangoni na mlinzi anatushangaa.

Na kwa nyie wenye watoto waliotimia, wenye kilo zao, mko nyumbani Chamazi au Bunju na joto la Februari: kinguo kimoja chepesi cha pamba kinatosha. Kukiwa na ubaridi wa Julai asubuhi, mwongezee kimoja zaidi ya ulivyovaa wewe. Akilala ndani, mvue kofia. Mguse shingoni kwa nyuma. Akiwa na jasho, umemzidishia. Na mtoto mchanga akiwa wa moto, usikae nyumbani ukimpepea na kusubiri, mlete. Kama ni nguo tutajua, kama ni maambukizi tutajua pia.

SEHEMU YA 6, ya mwisho

Najua mnachotaka kuniambia. "Wewe una mshahara, ndiyo maana unaringa." Kweli nina mshahara. Si mkubwa, ila upo tarehe inayojulikana, na kuna mama hapa anafuma usiku ili watoto wale kesho. Huyo simwambii aache. Huyo namwambia asikubali elfu kumi. Na nyie mnaonunua kwake, mlipeni saa zake, msimtajie mitumba ya Tandika. Ukitaka bei ya mitumba nenda kwenye mitumba, ni nguo nzuri tu, ifue.

Ila hata huyo mama, akipata nusu saa yake, afume kitu ambacho hakina oda. Mkewe fundi gereji, muuza vitumbua, mama wa nyumbani asiye na senti, wote wana haki ya kuwa na kitu kinachoitwa changu. Wanaume wanacheza bao pale kijiweni tangu saa tisa mpaka giza. Umewahi kusikia mtu anapita anawauliza, "Hilo bao mnaliuzaje?"

Wengine wataniambia uzi unakula hela. Unakula. Ndiyo maana nimejiwekea kiasi, kinatoka kwenye posho yangu ya mwezi baada ya ada na kikoba, na mwezi ambao haipo sinunui, nafumia mabaki. Baba watoto ana king'amuzi cha mpira, sijawahi kumuuliza faida yake.

Na wewe mama uliyeniandikia wiki iliyopita kwamba mama mkwe amekukuta unadarizi mto wa mtoto akasema "umekosa kazi", nilisoma ujumbe wako mara mbili. Shikamoo yake mpe, chai mpelekee, muitikie vizuri. Halafu endelea kudarizi. Akikuuliza tena, mwambie nesi amesema.

Jumamosi niko ofu. Kiraka cha 72 kinataka njano na njano imeniishia, kwa hiyo saa tatu asubuhi nitakuwa Kariakoo. Ukiniona pale na mfuko, nisalimie, tuongelee watoto. Bei usiulize.